Udongo Unaondoka Kiasi Gani, na Unatoka Wapi?

Hotuba kwa wakazi na vikundi vya maji na udongo, Makueni na Kitui

 

Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba inaposhuka kwenye milima ya Mbooni na Kilungu, mito iliyokauka kwa miezi hujaa kwa muda mfupi sana, na maji yake huwa mekundu na mazito kama uji wa wimbi. Uji huo ni shamba la mtu linaloondoka. Hakuna mkazi asiyelijua hilo. Lakini ukiuliza ni udongo kiasi gani uliopita chini ya daraja siku hiyo, na ulitoka kwa nani, baraza hugawanyika. Mkulima wa bondeni humlaumu wa mlimani. Wa mlimani husema ni mbuzi wa jirani. Jirani naye huonyesha barabara iliyochongwa na tingatinga bila mifereji ya kutosha. Huenda kila mmoja ana haki kiasi fulani, ila hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani.

Ipo njia ya kulijibu swali hilo. Inatumia chembe za mionzi zilizoletwa na mvua zaidi ya miaka 60 iliyopita, ambazo bado zimeshikamana na udongo wa mashamba. Jina la njia hiyo linatisha watu, na hofu hiyo itajibiwa hapa bila kuzungushwa. Kwanza, sababu ya kulichukulia swali lenyewe kwa uzito.

Maji mengi ya Ukambani hukaa mahali ambapo udongo unaweza kuyafukuza. Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi yakiwa yamejengwa na vikundi vya wananchi pamoja na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Upande wa Makueni na Machakos, Utooni imefanya kazi ya aina hiyo hiyo. Ukuta wa zege hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga huo, mbali na jua. Mchanga mzito unaweza kushika maji ya kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, na kuyaachia mtu anapochimba kisima. Tope nalo hushika maji, lakini haliyaachii. Kwa hiyo bwawa lililojaa tope badala ya mchanga ni ukuta wa gharama kubwa unaolinda matope. Hali ya mabwawa ya udongo, yale ambayo wengi huyaita silanga, inaonekana kwa macho: kila msimu kina kinapungua, na kikundi kinarudi na majembe na toroli kuchimbua kilichoingia. Na pale Mto Thwake unapokutana na Athi ndipo lilipowekwa Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 na ambalo limekusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Kila tani ya udongo itakayofika humo itachukua nafasi ya maji.

Mtu atauliza kwa nini udongo usipimwe kwa njia za kawaida. Hupimwa. Njia ya zamani ni kupigilia vijiti vya chuma ardhini na kurudi kila baada ya mvua kuona vimefichuka kwa milimita ngapi. Nyingine ni kuzungushia kipande cha shamba mabati na kukinga maji yanayotoka katika pipa, kisha kupima tope. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi nzuri ya namna hiyo katika vilima vya Machakos mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwemo katika bonde dogo la Iiuni, na kazi hiyo ilionyesha jinsi malisho yaliyobaki bila nyasi yanavyopoteza udongo vibaya sana. Shida ni mvua yenyewe. Hapa mvua inaweza kukosekana misimu miwili mfululizo, kisha dhoruba moja ya alasiri ikachukua kuliko ilivyochukua miaka mitatu iliyotangulia. Mtafiti mwenye fedha za miaka miwili akipata miaka ya ukame, ataandika kwamba hakuna mmomonyoko. Akipata mwaka wa mafuriko, ataandika kwamba Ukambani inaisha. Wote wawili watakuwa wamepima vizuri na kukosea.

Kinachohitajika ni kipimo kilichoanza zamani na kimekuwa kikihesabu peke yake. Kipo, ingawa aliyekiweka hakuwa na nia hiyo.

Kuanzia 1945 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio, zaidi ya 500 kwa jumla. Marekani ililipua, Umoja wa Kisovieti ukalipua, Uingereza pia, na Ufaransa ikalipua la kwanza lake katika jangwa la Sahara, huko Reggane nchini Algeria, Februari 1960. Vumbi la milipuko mikubwa lilipanda juu sana, likazunguka dunia nzima, na likashuka polepole na mvua. Ndani yake mlikuwa na chembe iitwayo sesiamu-137, ambayo haikuwepo duniani kabla ya enzi ya nyuklia. Agosti 1963 mataifa matatu kati ya hayo yalitia saini mkataba wa Moscow wa kuacha kulipua hewani, na baada ya hapo mvua ya sesiamu ikapungua haraka. Kwa maneno mengine, vumbi hilo lilianguka kwa wingi karibu na wakati ule ule Kenya ilipokuwa ikipata Uhuru. Wazee waliokuwa watoto siku hizo walinyeshewa nalo wakichunga mbuzi, na mbuzi nao wakanyeshewa.

Sesiamu ikigusa udongo hujibana ndani ya chembe za mfinyanzi na haitoki kwa urahisi. Maji hayaiyeyushi, na mimea huchukua kidogo sana. Inasogea pale tu udongo wenyewe unaposogea. Ni kama mtu aliyepaka rangi vilima vyote vya Ukambani kwa siku moja, kisha akaondoka. Palipokwanguka rangi, udongo umekwenda. Palipo na rangi nyingi kupita kiasi, udongo wa wengine umekuja kulala hapo.

Sasa hofu. Watu wakisikia mionzi hufikiria Hiroshima, saratani na watoto wanaozaliwa na kasoro, na hawana kosa kufikiria hivyo. Kwa hiyo ijulikane wazi kwamba katika kazi hii hakuna anayeleta mionzi shambani. Hakuna kinachomwagwa wala kuzikwa. Kinachopimwa kipo tayari, tangu kabla wengi wa wasomaji hawa hawajazaliwa, na ni kidogo mno. Mionzi hupimwa kwa kuhesabu chembe zinazopasuka kwa sekunde moja. Katika mwili wa mtu mzima yeyote, potasiamu ya asili anayoipata kwa ndizi, maharagwe na viazi hupasuka mara zipatazo 4,000 kila sekunde, na mtu huyo anaishi. Kilo moja ya udongo wa kawaida ina potasiamu ya asili inayopasuka mamia ya mara kwa sekunde. Sesiamu ya udongo wa maeneo yaliyo karibu na ikweta ni mipasuko michache tu kwa kilo, na pengine hata mmoja haufiki. Tatizo la wataalamu ni kwamba ni haba mno hata kuipata ni kazi.

Na inaendelea kupungua. Kila baada ya miaka 30 hivi sesiamu-137 hubaki nusu yake. Ile ya 1963 imebaki karibu robo. Hilo haliharibu kipimo, kwa sababu hupungua sawasawa kila mahali, mlimani na bondeni, na kinachotafutwa ni ulinganisho.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza hutafutwa mahali tambarare ambapo udongo haujawahi kulimwa, kuchimbwa wala kumomonyoka tangu miaka ya 1950. Hapo ndipo mahali pa kulinganisha. Pasipo nayo, namba nyingine zote hazina maana. Bomba la chuma hupigiliwa ardhini sentimita 30 au 40, likatolewa na udongo wake. Kisha hufanyika vivyo hivyo shambani: juu ya mteremko, katikati, chini, ndani ya tuta na nje yake. Udongo hukaushwa, hupondwa, huchekechwa, hupimwa uzito na kuwekwa katika chombo cha maabara kinachohesabu miale. Kwa kuwa sesiamu ya huku ni haba, sampuli moja inaweza kukaa ndani ya chombo hicho siku nzima au zaidi kabla namba haijaaminika.

Hesabu yake si ngumu. Ufuatao ni mfano tu wa kuonyesha njia, si kipimo cha shamba lolote. Chukua shamba lililolimwa kwa kina cha sentimita 15. Udongo wa kina hicho katika hekta moja una uzito wa karibu tani 1,950. Ikiwa sesiamu ya shamba hilo ni pungufu kwa asilimia 30 ikilinganishwa na pale pasipoguswa, basi asilimia 30 ya udongo huo imeondoka, yaani tani 585. Gawanya kwa miaka 60, utapata karibu tani 10 kwa hekta kila mwaka, au tani 4 kwa ekari. Tani 4 ni toroli 50 zilizojaa vizuri. Lakini mwenye shamba hakuona toroli hata moja. Alichopoteza kwa mwaka ni unene usiofika milimita moja, na hakuna jicho linaloona hilo. Wataalamu wana hesabu ndefu kuliko hii, zinazozingatia kwamba sesiamu hukaa zaidi juu kabla shamba halijalimwa na kwamba jembe huchanganya udongo, na matokeo hubadilika kwa sababu hizo. Msingi, hata hivyo, ni huo.

Sesiamu ina ndugu zake, na kila mmoja hupima muda wake. Risasi-210 haikuletwa na mabomu. Hutokana na gesi ya radoni inayotoka ardhini yenyewe, hupanda hewani na kurudi na mvua bila kukoma, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo haina shida ya kuisha. Hiyo hufaa kwa kipindi cha miaka kama 100. Beriliamu-7 huzaliwa angani miale ya kutoka mbali inapogonga hewa, na hubaki nusu baada ya siku 53 tu. Kwa hiyo hufaa kuuliza dhoruba moja, au msimu mmoja, ulichukua nini. Na siku hizi wengi wanageukia plutoniamu iliyoletwa na mabomu hayo hayo, kwa kuwa aina zake mbili zinazopimwa hudumu maelfu ya miaka na hupimwa kwa mashine inayohesabu chembe zenyewe badala ya kungoja zipasuke. Jina plutoniamu linatisha kuliko yote, na kiasi kinachopimwa ni kidogo kuliko vyote.

Jambo lenye faida kubwa zaidi kwa vikundi vya Makueni na Kitui, hata hivyo, huenda si kujua tani ngapi. Ni kujua tope limetoka wapi.

Sesiamu na risasi-210 ziliangukia juu, na kwenye ardhi isiyolimwa hazishuki zaidi ya sentimita chache. Chini ya hapo hakuna kitu. Ukuta wa korongo lenye kina cha mita tatu hauna sesiamu isipokuwa ukanda mwembamba wa juu. Kingo za mto zilizobomoka hali kadhalika, na vivyo hivyo udongo wa mtaro wa barabara ulioliwa na maji hadi chini. Kwa hiyo tope la bwawa likipimwa na kukutwa lina sesiamu kama ya juu ya shamba, basi limetoka mashambani na kwenye malisho, limekwanguliwa juu kwa juu. Likikutwa karibu halina, limetoka makorongoni, kwenye kingo na barabarani. Majibu hayo mawili yanadai kazi mbili tofauti kabisa. Katika hali ya kwanza, fedha na nguvu za mwethya ziende kwenye matuta ya fanya juu, nyasi za kingo na kupumzisha malisho. Katika hali ya pili, kikundi kinaweza kuchimba matuta hadi mikono ikatoka malengelenge na bwawa likaendelea kujaa, kwa sababu tope linatoka kwenye korongo moja ambalo hakuna aliyelijengea gabioni, au kwenye kalvati moja inayomwaga maji yote ya barabara katika malisho ya mtu.

Kwa miaka mingi matuta yamechimbwa kwa imani kwamba kosa ni la mkulima. Huenda mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mkulima ana haki ya kuona ushahidi.

Mabwawa ya mchanga yana jambo lake. Mchanga mzito haubebi sesiamu ya maana, kwa kuwa haina mfinyanzi wa kujibana ndani yake. Anayepima bwawa la mchanga hana budi kutafuta tabaka nyembamba za tope zilizolala katikati ya mchanga, kila moja ikiwa imebaki baada ya furiko fulani, na kuzipima hizo. Bwawa la zamani la udongo ni rahisi zaidi. Ukichimba hadi chini, tabaka zimepangana kama kurasa, na kwa lile lililojengwa kabla ya 1963 tabaka yenye sesiamu nyingi kuliko zote ni ya wakati huo. Kilicho juu yake kimekuja baada ya Uhuru. Ukambani ilijengewa mabwawa ya namna hiyo katika mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa ALDEV, miaka ya 1940 na 1950, na baadhi yake leo hulishwa ng'ombe juu yake.

Afrika Mashariki si ngeni kwa kazi hii. Magharibi mwa Kenya watafiti wa ICRAF walitumia sesiamu-137 kupima mmomonyoko, wakiioanisha na kifaa kinachosoma rangi ya udongo ili kupunguza gharama. Katika bonde la Oroba, upande wa Nandi ambako maji huelekea Ziwa Victoria, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eldoret pamoja na British Geological Survey wametumia plutoniamu. Nchini Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Plymouth wamefuatilia mashapo yanayoingia Ziwa Manyara na udongo unaoondoka katika malisho ya Wamaasai wa Monduli. Huko jambo moja lilifanywa vizuri: wafugaji walihusishwa tangu mwanzo, na mradi ukapewa jina la Kiswahili, Jali Ardhi.

Lakini ushahidi unaoihusu zaidi Makueni na Kitui ulipatikana baharini. Athi ndio mpaka wa kaunti hizi mbili. Ukishuka unaitwa Galana, na unapoingia bahari kaskazini mwa Malindi unaitwa Sabaki. Pale Malindi kuna matumbawe ambayo hukua kidogo kidogo kila mwaka na kuacha pete kama mti. Tope la mto hubeba madini ya bariamu, na tumbawe huyanyonya likikua. Mwaka wa tope jingi una bariamu nyingi. Kipimo hiki hakina mionzi, ila ni binamu wa kazi hiyo hiyo: alama inayosafiri na udongo. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya tumbawe moja lenye kumbukumbu ya miaka 300. Kati ya 1700 na 1900 tope la Sabaki lilikuwa karibu lile lile, miaka 200 bila mabadiliko makubwa. Kuanzia 1900 likaanza kupanda bila kushuka. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa muongo huo, ambapo tope lilifika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Tumbawe halikusema udongo huo ulikuwa wa nani. Athi huanzia mbali, hupokea maji ya Nairobi na Kiambu, hupita Machakos, na kabla ya kufika pwani hupita Tsavo. Hapo ndipo tumbawe linapokomea na bomba la shambani linapoanza.

Historia ya Ukambani inaonyesha kwa nini ni muhimu kupima kabla ya kunyoosha kidole. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu hifadhi ya Wakamba wa Machakos iliyoielezea kama ardhi inayokufa. Serikali ilishakata shauri kwamba chanzo ni ng'ombe wengi, ikaanza kuwachukua kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini uchukuaji wa mifugo kwa lazima uliachwa. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Picha za wakati huo haziongopi. Walichokosa wakuu wale ni kuuliza kwa nini ng'ombe walikuwa wamebanwa katika eneo dogo wakati ardhi jirani ilikuwa mikononi mwa walowezi.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi katika wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote hadi ilipogawanywa 1992. Walilinganisha picha za 1937 na mandhari ya 1991. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado vilima vilivyokuwa vitupu vilionekana vimejaa matuta, miti na miembe. Kitabu chao cha 1994 kilizua mabishano ambayo hayajaisha, kwa kuwa picha huonyesha matuta lakini haionyeshi tani, na maeneo makavu ya chini hayakufaidika sawa na milima. Mabishano ya namna hiyo ndiyo sesiamu inayoweza kuyapunguza. Shamba lililowekewa matuta miaka ya 1960 na lile la jirani ambalo halikuwekewa yote mawili yalinyeshewa vumbi lile lile. Tofauti kati yao leo ni kazi ya matuta.

Isidhaniwe kwamba njia hii haina udhaifu. Karibu na ikweta sesiamu ilianguka kidogo kuliko Ulaya au Marekani ya kaskazini, kwa hiyo kosa dogo la kupima huleta tofauti kubwa. Udongo wa kichanga wa sehemu nyingi za Kitui huishika vibaya. Mchwa huchanganya udongo wa juu na wa chini, na Ukambani haina uhaba wa mchwa. Vyombo ni ghali, na ni vichache nchini. Mahali palipochimbwa mchanga wa kuuza, kipimo cha mto huvurugika kabisa, sababu nyingine ya kuheshimu sheria ya Makueni ya 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Na hakuna mkulima anayepaswa kungoja maabara ndipo achimbe tuta. Shamba lenye mteremko na lisilo na tuta linajulikana hata bila mashine.

Kuhusu watu watakaokuja na mabomba: wakazi wana haki zao. Mtafiti wa kweli huwa na kibali cha NACOSTI, hupita kwa chifu na ofisi ya kilimo ya wadi, na huomba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kugusa ardhi. Shimo analoacha lina upana wa sentimita chache, na hulifukia mwenyewe. Aeleze kwa Kikamba au Kiswahili anatafuta nini. Aache namba ya simu na namba ya sampuli, na akubali kurudi na matokeo barazani, si kuyapeleka kwenye mkutano wa mbali tu. Ambaye hana kibali, au anayesema ataleta dawa ya mionzi ya kumwaga shambani, aripotiwe kwa chifu siku hiyo hiyo. Kenya ina mamlaka inayosimamia vitu vyote vya mionzi, KNRA, na hakuna anayeruhusiwa kuvitumia bila leseni yake.

Na mkulima aulize swali moja ambalo mtafiti yeyote lazima aweze kulijibu: mahali pako pa kulinganisha ni wapi? Mahali hapo ni haba Makueni na Kitui, kwa kuwa karibu kila kipande tambarare kimelimwa au kuchungiwa. Vinaweza kubaki viwanja vya misheni za zamani, makaburi ya kale, pembe za viwanja vya shule zilizofunguliwa kabla ya Uhuru, kiwanja cha ndege kisichotumika, au ukingo wa ithembo ambapo wazee hawakuruhusu jembe. Hakuna ramani inayoonyesha mahali hapo. Wanaopajua ni watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambao wanakumbuka nani alilima wapi na mwaka gani. Vikundi vya maji vinaombwa kukaa nao kabla ya mvua zijazo, kuandika majina ya mahali hapo na kuyapeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi, ili bomba la kwanza likifika lisipigiliwe mahali pasipofaa.